Kigunduzi cha Metali Kinalia Ovyo, Kinanyamaza au Kinadanganya: Tafuta Chanzo Kabla ya Kugusa Mipangilio

Mtu anapohama kutoka mashine rahisi ya vitufe viwili vitatu kwenda kwenye kigunduzi cha metali chenye menyu ndefu, jambo la kwanza linalomkuta ni kelele. Mashine inalia ovyo, namba kwenye kioo zinarukaruka, na vitu ambavyo ile ya zamani ilikuwa inavinasa sasa vinapitwa. Wengi huamua hapo hapo kwamba wameuziwa mashine mbovu. Mara nyingi mashine ni nzima. Kwenye ile ya zamani mtengenezaji alishafunga karibu kila kitu katika kiwango cha kati. Kwenye hii amekuachia wewe uamue, na viwango vyake vinakwenda mbali zaidi kwa juu na kwa chini.

Kinachowaponza watu ni kubadilisha vitu vitatu kwa mpigo. Unashusha usikivu, unapandisha uchujaji wa chuma (kuifanya mashine inyamaze juu ya vitu vya chuma), unabadilisha masafa ya mawimbi inayotuma, kelele inaisha, unafurahi. Lakini hujui ni kipi kati ya vile vitatu kilichoinyamazisha, na hujui vile viwili vingine vimekunyima nini huko chini ya udongo. Kwa hiyo kabla hatujagusa chochote, shika jambo moja: kelele ina mahali inapotoka, nako ni kunne tu. Inatoka hewani, inatoka ardhini, inatoka kwenye mashine yenyewe pamoja na vyuma ulivyovaa, au inatoka kwenye kitu kilichofukiwa. Kila chanzo kina dawa yake, na dawa ya kimoja ukiipeleka kwa kingine inaharibu.

Anza kwa kurudisha mipangilio ya kiwandani. Hakuna aibu ndani yake. Mafundi wenye uzoefu hufanya hivyo kila wanapochanganyikiwa. Kisha chagua programu inayofaa mahali ulipo, iwe ni shamba, bustani, ufukwe au eneo la dhahabu, ndipo ufanye jaribio lifuatalo.

Jaribio la kutenganisha vyanzo

Simama sehemu ya wazi. Weka koleo chini, hatua kadhaa kutoka ulipo. Inua koili, ile sahani iliyo mwisho wa mpini, hadi usawa wa kiuno na uitulize kabisa, usiitikise hata kidogo. Sikiliza kwa muda wa kutosha, maana kelele nyingine huja kwa mawimbi. Mashine ikiendelea kulia wakati koili imetulia na haijaelekea kitu chochote, kelele inatoka hewani.

Ikiwa imenyamaza, shika waya wa koili kwa vidole, utikise kidogo pale unapoingia kwenye koili na pale unapoingia kwenye kisanduku chenye kioo na vitufe. Gonga koili taratibu kwa kiganja. Ikilia, tatizo liko kwenye mashine. Halafu pepea koili hewani kama unavyopepea ukitafuta, bila kuisogeza ardhini. Ikilia wakati wa kupepea tu, waya umelegea au kuna chuma mwilini mwako.

Sasa ishushe hadi karibu na ardhi, uinue, uishushe tena. Kelele inayokuja na kwenda kulingana na umbali kutoka udongoni ni ya ardhi. Na ikiwa hatua zote hizi zimepita kimya, halafu mashine ikalia ukifika mahali fulani, na ukirudi inalia pale pale, hicho ni kitu. Chimba.

Inalia hata koili ikiwa hewani

Koili ni antena. Imetengenezwa ipokee ishara hafifu sana, kwa hiyo inapokea pia nyaya za umeme zilizopita juu au zilizofukiwa, uzio wa umeme, mota za pampu, minara, radi ya mbali, na simu iliyoko mfukoni mwako. Inapokea pia kigunduzi cha mwenzako, hasa kama kinatumia masafa yale yale na amekusogelea.

Anza na vilivyo karibu. Simu iweke katika hali ya ndegeni au uihamishie mfuko wa nyuma, mbali na koili. Saa janja nayo ivue ujaribu bila hiyo. Kama unatumia kigunduzi kidogo cha mkono, kizime. Vingine hulia na kuliza mashine kubwa vikiwa vimewashwa kiunoni.

Kisha tumia kitufe cha kutafuta mkondo safi wa masafa. Mashine nyingi za kisasa zina kazi hii: inasikiliza mikondo kadhaa iliyo karibu karibu na kuchagua wenye kelele kidogo. Sharti lake ni koili itulie, iwe mbali na metali, na iwe katika mkao ule ule utakaotumia kutafuta. Watu wengi huifanya wakiwa wameinua koili juu, uso wake ukitazama pembeni. Kelele ya hewani ina mwelekeo: ukigeuza koili kutoka kulala hadi kusimama, utasikia ikipanda au kushuka. Mkondo uliochaguliwa koili ikiwa imesimama unaweza usifae koili ikilala.

Kama kelele bado ipo na mashine yako inatumia masafa mengi kwa pamoja, jaribu masafa moja moja. Hali ya masafa mengi ina sifa zake kubwa ardhini, lakini inasikiliza eneo pana zaidi la mawimbi, hivyo karibu na nyaya za umeme inaweza kuteseka pale ambapo masafa moja ya kHz 15 au 20 yanatulia kabisa. Hapo ndipo, mwisho wa yote, ushushe usikivu. Namna ya kuushusha nitaieleza mbele.

Usiguse uchujaji kwa ajili ya kelele hii. Kelele ya umeme haina namba ya kudumu. Inarusha namba za juu na za chini bila mpangilio. Ukizuia baadhi ya namba utaikata vipande tu, na utakuwa umezuia vitu halali vinavyosomeka kwenye namba hizo hizo.

Imetulia hewani, inalia ikikaribia ardhi

Hapa ndipo mashine ya kisasa inapotofautiana zaidi na ile rahisi, na hapa ndipo ningemshauri mtu atumie muda wake mwingi wa kujifunza. Udongo una madini. Chembe za oksidi ya chuma, hasa ile nyeusi inayonaswa na sumaku, huirudishia koili ishara kubwa kuliko ishara ya sarafu iliyofukiwa. Kusawazisha ardhi maana yake ni kuiambia mashine: ishara ya namna hii ndiyo udongo wa hapa, iondoe, niachie kinachobaki.

Tafuta sehemu isiyo na metali. Pepea kwanza bila uchujaji wowote hadi uridhike kwamba hakuna kitu chini. Kisha pandisha na kushusha koili, ikiwa imelala sambamba na ardhi, kutoka sentimita 30 hivi hadi sentimita 5 hivi, bila kuigusisha. Ukisawazisha juu ya msumari, umeifundisha mashine kwamba msumari ni udongo, na saa nzima itakayofuata itakuwa ya mateso.

Ukisawazisha kwa mkono, sikiliza ni wakati gani sauti inapanda: koili ikishuka au ikiinuliwa? Sauti ikikua wakati wa kushuka, usawazishaji umekaa upande mmoja. Ikikua wakati wa kuinua, umekaa upande wa pili. Sogeza namba kidogo kidogo, kwa upande ambao kitabu cha mashine kinaelekeza, hadi kupanda na kushuka kuwe na sauti moja. Binafsi napenda kubakiza mlio mdogo sana wakati wa kushuka, kwa sababu usawazishaji uliozidi kwenye upande wa pili unameza vitu vidogo bila kukupa dalili yoyote.

Namba unayoipata ni habari. Kwenye mashine nyingi zenye kipimo cha 0 hadi 99, namba za juu ni za ardhi yenye madini ya chuma, na za chini kabisa ni za ardhi ya chumvi iliyolowa. Ukiona namba imebadilika sana ndani ya hatua chache, umevuka kutoka aina moja ya udongo kwenda nyingine, au umeingia mahali palipowahi kuwashwa moto, kwa sababu moto mkali hubadilisha madini ya udongo. Sawazisha upya. Usifanye mara moja asubuhi halafu ukasahau.

Kuna pia usawazishaji unaojiendesha, unaofuata ardhi unavyotembea. Unafaa pale udongo unapobadilika kila hatua. Hatari yake ni hii: umepata ishara hafifu, unapita juu yake tena na tena kuihakikisha, na kila unapopita mashine inajifunza kwamba ishara hiyo ni sehemu ya ardhi. Baada ya mipepeo kadhaa imeisha. Unaondoka ukidhani ilikuwa kelele tu. Kama unatumia hali hiyo, funga usawazishaji mara tu unaposhuku kitu, au sogea pembeni, urudi, upite mara chache.

Mawe nayo ni adha ya aina yake. Jiwe lenye madini tofauti na udongo unaolizunguka linalia kama metali, wakati mwingine mlio mzuri kabisa. Inua koili sentimita chache: mlio wa jiwe aghalabu hufifia haraka kuliko wa metali. Likiwa juu ya ardhi lichukue, upepee koili hewani mbele yake. Likilia peke yake hewani, weka jiwe hilo mfukoni ulitumie kujifunzia sauti ya mawe ya eneo lile.

Jambo jingine ambalo halihusu mipangilio hata kidogo: kama mashine inalia kila unapofika mwisho wa mpepeo, kulia na kushoto, tazama mkono wako. Watu hupepea kama bembea, koili ikiinuka pande zote mbili. Kila inapoinuka umbali na udongo unabadilika, na mashine inaripoti badiliko hilo. Koili inatakiwa ibaki kimo kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho wa mpepeo.

Umeshusha usikivu na unaogopa umepoteza kina

Hofu hii ndiyo inayowafanya watu wavumilie kelele siku nzima. Tazama hesabu yenyewe. Koili inatuma uga wa sumaku unaopungua kwa kasi kadiri unavyokwenda mbali, na kitu kilichofukiwa nacho kinarudisha uga unaopungua kwa kasi ile ile. Ukiunganisha safari ya kwenda na ya kurudi, kwa kitu kidogo kilicho mbali ukilinganisha na ukubwa wa koili, ishara inapungua kwa kipeo cha sita cha umbali. Maana yake, umbali ukiongezeka mara mbili, ishara inayorudi inabaki sehemu moja kati ya 64.

Igeuze hesabu hiyo. Ukiongeza ukuzaji wa ishara mara mbili, kina kinaongezeka kwa asilimia 12 hivi tu. Sarafu uliyokuwa ukiisikia kwenye sentimita 20 utaisikia kwenye 22 na ushei. Lakini kelele ya hewa na ya ardhi nayo umeikuza mara mbili, na ishara hafifu ya sentimita 22 inazama ndani yake. Ndiyo maana kwenye ardhi yenye madini mengi, mashine iliyoshushwa hatua mbili na kutulia inakuonyesha vitu ambavyo ile iliyowekwa juu kabisa haikuonyeshi: unaweza kusikia.

Utaratibu ninaoupendekeza ni huu. Maliza kwanza mkondo safi na usawazishaji. Kisha pandisha usikivu hadi mashine ianze kugunaguna, halafu shusha hadi igune mara moja moja. Acha hapo. Ukimya kamili nao si ishara njema sana, kwa sababu huwezi kujua umeshusha hatua moja au tano kupita inavyohitajika. Kwenye mashine zenye mvumo wa chini unaosikika muda wote, weka mvumo huo uwe hafifu kiasi cha kusikika tu. Ishara za ndani kabisa huja kama badiliko dogo la mvumo, wala hazifiki kuwa mlio.

Na kama hata usikivu ukiwa katikati ardhi bado inapiga kelele, badilisha koili kabla hujazidi kushusha. Koili ndogo ya sentimita 15 hivi inaona udongo kidogo kwa wakati mmoja, kwa hiyo kelele ya ardhi inapungua. Koili kubwa inafika mbali kwa vitu vikubwa, lakini inabeba udongo mwingi na takataka nyingi katika kila mpepeo.

Ufukweni: kimya kwenye mchanga mkavu, vurugu kwenye mchanga uliolowa

Maji ya chumvi yanapitisha umeme, kwa hiyo mashine inayaona kama kitu cha metali kipana chenye upitishaji mdogo. Mashine ya masafa moja ikisawazishwa kwa chumvi huanza kupoteza vitu vyenye upitishaji unaofanana na chumvi, na mkufu mwembamba wa dhahabu ni mmojawapo. Hali ya masafa mengi ilibuniwa kwa mazingira kama haya. Itumie, pamoja na programu ya ufukwe. Sawazisha upya kwenye mchanga uliolowa, shusha usikivu, na upepee ukitembea sambamba na mstari wa maji. Ukikata kutoka mkavu kwenda uliolowa katika mpepeo mmoja, mashine italia kila unapovuka mpaka, na ina haki.

Namba zinarukaruka juu ya kitu kimoja

Namba ya utambulisho ni makadirio. Mashine inapima jinsi kitu kinavyochelewesha na kubadilisha ishara, kisha inakupa namba inayolingana na upitishaji wake na ukubwa wake kwa pamoja. Pete ndogo ya dhahabu na kipande cha karatasi ya alumini vinaweza kupata namba moja. Hakuna mpangilio wa kutenganisha vitu hivyo viwili, na anayekuahidi kwamba upo anakupotosha.

Namba ikiruka kidogo, hatua mbili tatu, huenda kitu kiko ndani sana au kimesimama kwa ubavu. Ikiruka huku ikiegemea upande wa chuma, udongo wenyewe unaivuta. Ikiruka kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, washuku msumari ulioota kutu au vitu viwili vilivyo jirani.

Msumari una tabia yake na inafaa uijue kwa sikio. Pita juu yake upande mmoja: mlio mwembamba wa juu, mzuri, kama wa fedha. Zunguka nyuzi 90, upite tena: mguno wa chuma, au kimya. Sasa bonyeza kitufe cha kulenga, kinachoondoa uchujaji, utafute kitovu. Ukikuta kitovu kimehama, kiko pembeni ya pale uliposikia mlio mzuri, huo ni msumari karibu kila mara. Mlio ule ulikuwa wa ukingo wa koili ukipita kwenye ncha yake. Sarafu inalia pande zote mbili, na kitovu chake kinabaki pale pale.

Vizibo vya chupa vya chuma ni wajanja zaidi kwa sababu ni bapa na mviringo, hivyo vinasomeka kama metali nzuri. Weka koili katikati ya ishara, kisha ivute kuelekea kwako taratibu huku ukiitikisa kwa mipepeo mifupi. Ncha ya mbele ya koili inapoondoka juu ya kitu, kizibo cha chuma mara nyingi hukujibu kwa mguno wa chuma au namba iliyoporomoka. Kwenye mashine yenye kiwango cha kuegemea upande wa chuma unaweza kukipandisha kupunguza vizibo, lakini ujue bei yake: sarafu iliyolala karibu na msumari nayo itaanza kuhesabiwa kuwa chuma.

Mashine ya zamani ilikuwa inavinasa, hii inavipita

Angalia uchujaji kwanza. Watu hupenda mashine tulivu, wakazuia chuma chote pamoja na namba za chini za metali, halafu wanashangaa dhahabu ndogo haionekani. Dhahabu ndogo inasomeka kwenye namba hizo hizo za chini. Pia kitu kilichozuiwa hakiondoki ardhini. Mashine inanyamaza juu yake, na ukimya huo unafunika kilicho jirani. Sarafu iliyolala upana wa kiganja kutoka kwenye bati lenye kutu inaweza kumezwa nzima. Fungua uchujaji, usikilize chuma kwa sauti ya chini badala ya kukizima. Masikio yako yatakizoea haraka kuliko unavyodhani.

Halafu tazama kasi ya kurejea, yaani wepesi wa mashine kumaliza ishara moja na kuwa tayari kwa nyingine. Ikiwa ndogo, vitu viwili vilivyo karibu vinasikika kama kimoja, au chuma kinameza kizuri. Ikiwa kubwa, inavitenganisha, lakini milio inakuwa mifupi na vya ndani vinakatika. Eneo lenye misumari mingi, pandisha. Uwanja safi, shusha. Na mwendo wa mkono ufuate: kasi ndogo ya kurejea pamoja na mkono unaokimbia ni njia ya hakika ya kupita juu ya vitu. Pepea polepole kwenye takataka nyingi, hata kama koili inaonekana kama haisogei.

Masafa nayo yana upendeleo. Ya juu, kHz 40 na kuendelea, yanaamsha vitu vidogo vyenye upitishaji mdogo, kama punje za dhahabu. Ya chini, kHz 5 hivi, yanafaa vitu vikubwa vyenye upitishaji mkubwa, kama sarafu nene za fedha. Anayetafuta punje kwa kHz 5 atarudi mikono mitupu juu ya ardhi yenye dhahabu.

Kwa wanaotumia mashine za mapigo, ambazo hutuma pigo, zikanyamaza, kisha zikasikiliza, kiwango cha kuangalia ni ucheleweshaji kabla ya kusikiliza. Mwitikio wa punje ndogo unakufa haraka mno baada ya pigo. Ucheleweshaji wa mikrosekunde 10 hivi unaweza kuunasa. Ukiurefusha ili ardhi itulie, punje hizo ndizo za kwanza kupotea.

Ishara ilikuwepo, nimechimba, imetoweka

Pitisha koili juu ya shimo, kisha juu ya lundo la udongo. Kama haimo kwenye lundo wala shimoni, tandaza lundo, upitishe tena ukiwa na uchujaji umefunguliwa. Mara nyingi kitu kimegeuka kikasimama kwa ubavu, na sura kinachoionyesha koili sasa ni nyembamba mno. Kinaweza pia kuwa kwenye ukuta wa shimo. Hapo kigunduzi kidogo cha mkono ndicho kinachokuokoa.

Ikiwa kweli hakuna kitu, kilikuwa chuma kilichooza. Chuma kikikaa ardhini miaka mingi, kutu yake husambaa kwenye udongo ulio karibu na kuufanya ulie kwa eneo kubwa kuliko kitu chenyewe. Ukishachimba, umevunja udongo huo na mlio unaisha.

Ninachimba pembeni ya kitu kila mara

Koili ya umbo la D mbili ina eneo lake kali kwenye mstari wa katikati, kutoka mbele hadi nyuma. Ile ya duara ndani ya duara ina kitovu katikati. Jua uliyo nayo. Ukilenga kwa koili ya D mbili, pata mstari kwa kupepea, zunguka nyuzi 90, pata mstari wa pili. Inapokutana mistari hiyo ndipo pa kuchimba.

Ukikosa bado, chunguza hedifoni. Hedifoni za Bluetooth za kawaida huchelewesha sauti. Mkono unaopepea kwa mita moja kwa sekunde, pamoja na ucheleweshaji wa sekunde 0.15, unakusogezea mlio sentimita 15 mbele ya kitu. Tumia zile zilizotengenezwa kwa ucheleweshaji mdogo, au rudi kwenye waya.

Inalia bila sababu, na si hewa wala ardhi

Anza na mwili wako. Viatu vyenye bati mbele huliza mashine kila koili inapokaribia mguu. Koleo linaloning'inia kiunoni nalo ni hivyo hivyo. Jambo hili lina umri sawa na ufundi wenyewe: mwaka 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipopigwa risasi, Alexander Graham Bell alileta kifaa chake cha kutafuta risasi mwilini, na usomaji ukavurugika. Rais alikuwa amelazwa juu ya godoro lenye springi za chuma, na daktari mkuu alimruhusu Bell atafute upande wa kulia tu, wakati risasi ilikuwa kushoto.

Kisha waya. Uzungushe kwenye mpini kwa kukaza, uache ulegevu kidogo tu karibu na koili ili iweze kukunjika. Fungua kifuniko cha chini cha koili. Mchanga mweusi hujikusanya humo na kulia kila unapopepea. Osha, kausha, rudisha. Kagua soketi kama ina maji au kutu. Chaji betri hadi ijae, ujaribu tena, kwa sababu baadhi ya mashine huanza kuyumba kabla taa ya betri haijatoa onyo.

Kama bado, azima koili nyingine inayokubaliana na mashine yako, ijaribu mahali pale pale, kwa mipangilio ile ile ya kiwandani. Kelele ikiisha, koili yako imeingia maji au waya wake umekatika ndani. Ikibaki, tatizo liko kwenye kisanduku, na hilo ni la fundi. Ukimpelekea, andika kwenye karatasi: inalia koili ikiwa imetulia au ikitembea, kwa masafa yapi, kwa usikivu gani, ukigusa waya inabadilika au haibadiliki, na koili nyingine ilifanya nini. Fundi mwenye majibu hayo ataanza na sehemu sahihi, badala ya kuwasha mashine juu ya meza iliyozungukwa na nyaya za umeme na kukuambia kwamba inalia.